Mabano Mawili ya Musanda

Faili lililopanga zamu ya kuvuna miwa lilikuwa na mikono mitatu ndani yake. Aliyelizoea aliweza kuitenganisha kama mwalimu anavyotenganisha miandiko ya wanafunzi wake. Mkono wa kwanza ulikuwa wa yule aliyeianza programu, mtu mbahili wa alama, ambaye aliweka mabano pale tu lugha ya kompyuta ya C ilipomlazimisha. Alikuwa amestaafu na kurudi kwao kufuga nyuki. Mkono wa pili ulikuwa wangu: nafasi nne pembeni, mabano kila mahali, maelezo juu ya kila kipande. Wa tatu ulikuwa wa mwenzangu aliyetoka chuo kikuu, ambaye alikuja ofisini na shati lililopigwa pasi mpaka mikono ikawa na makali, na aliandika programu kama alivyovaa.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, mjini Kakamega, katika ofisi ya kampuni moja ya miwa, ghorofani, juu ya duka la misumari na mabati. Kazi ya programu yetu ilikuwa moja. Ilichukua mashamba yote ya wakulima, ikaangalia umri wa miwa ya kila mmoja, ikatoa orodha ya nani akatiwe kwanza na nani asubiri. Mtu asiyelima miwa anaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Miwa ikipitwa na wakati wake hutoa maua, hukauka ikiwa imesimama, na sukari hupungua huku mwenyewe anaangalia. Katika nyumba za wakulima, swali la "zamu yangu lini?" lilitangulia hata salamu.

Programu ile haikukaa mahali pamoja. Vituo vyetu vya shambani vilikuwa na kompyuta zao, na kila kituo kilikuwa na nakala iliyorekebishwa kidogo kufuata hali ya pale. Nakala ya Malinya ilijua njia ambazo trekta haziwezi kupita kwa sababu ya mashimo ya wachimba dhahabu. Ya Lubao ilijua siku ya soko, ng'ombe wanapojaa barabarani na dereva wa trekta akabaki kupiga honi bure. Ya Musanda ilikuwa na mambo yake ya zoni, yaani mgawanyo wa mashamba yake, nitayaeleza. Kila mwaka, kiwanda kilipofungwa kusafishwa mitambo, tulikusanya disketi za vituo vyote, tukalinganisha kila nakala na ya ofisini, na kuingiza nyumbani yale mabadiliko yaliyostahili. Kazi hiyo tuliiita kurudisha ng'ombe. Mwaka ninaousimulia, ng'ombe walikuwa bado nje.

Ndipo mwenzangu alipokuja na programu yake ndogo.

"Madam, njoo uone kitu," aliniambia.

Ilikuwa programu ya kupanga upya mistari. Unaipa faili lolote la C, inalirudisha likiwa limenyooka: nafasi zilezile, mistari imeingizwa ndani kwa kipimo kimoja, kila kitu mahali pake. Alikuwa ameipitisha kwenye nakala ya mafaili yetu yote. Niliyapitia moja moja kwenye skrini, na nakiri kwamba yalinipendeza. Mimi ni mtu wa mpangilio. Hata nyumbani kwangu vijiko vinalala vikielekea upande mmoja. Kwa miaka nilikuwa nimevumilia lile faili la mikono mitatu kama mtu anavyovumilia mlango usiofunga vizuri. Sasa mlango ulikuwa umefungika, na kwa dakika chache tu.

Meneja wetu, ambaye alikuwa mgeni katika idara ile na alitaka kuacha alama, alisimama nyuma yetu akaona.

"Sasa hii ndiyo kazi," alisema. "Ile ya kwanza ilikuwa kama soko la Lubao. Hii tuipeleke vituo vyote. Pikapu inaenda Alhamisi."

"Boss, vituo bado vina mabadiliko yao," nilimwambia. "Tukiweka hii juu, yanafutika. Na tukitaka kuyatafuta baadaye, hatutayaona, kwa sababu kila mstari utakuwa umesogea."

"Madam, kwenu hamsiribi nyumba kwa udongo kabla ya Krismasi? Wageni wanakuja, nyumba inasiribwa."

"Inasiribwa, Boss. Lakini vyombo vinatolewa kwanza."

Mwenzangu alicheka akiwa ameinama, kisha akaona meneja hacheki, akanyamaza. Amri ikabaki kuwa Alhamisi. Nilirudi kwenye meza yangu nikiwa nimegawanyika. Sikuwa upande wa fujo. Lakini nilijua kwamba programu iliyokomaa ina kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo iko katika tofauti ndogo ndogo kati ya nakala moja na nyingine. Ukiigusa mistari yote, hata kwa wema, tofauti ndogo inazama ndani ya kubwa.

Jumatano asubuhi alikuja supavaiza wa Musanda.

Alikuwa mtu wa makamo, Mwislamu wa upande wa Mumias, mwenye kofia nyeupe na viatu vya mpira vyenye udongo wa shamba. Kwa kawaida aliingia na kelele. Tulimsikia kuanzia ngazini akitania wauza misumari. Siku hiyo alisema "Salaam aleikum" kwa sauti ya chini, akakaa kwenye kiti cha wageni, akaweka mezani mfuko wa plastiki wa mkate. Ndani ya mfuko mlikuwa na disketi.

"Mnanijua," alisema. "Mimi na nyinyi tumefanya kazi tangu ile kompyuta ya Musanda iletwe kwa trekta. Sasa niambieni. Nimewakosea nini?"

Tulimwuliza kuna nini.

"Miwa ya zoni ya kwanza inakatwa ikiwa michanga. Ya zoni ya tano imetoa maua, imesimama tu. Watu wanauliza kwa nini. Na zoni ya kwanza ni ya nani? Ni kwa kina mke wangu! Sasa hawaniiti supavaiza tena. Wananiita mulamwa. Shemeji! Hata juzi sokoni mama muuza omena ananiuliza, 'Mulamwa, na wewe leo utapanga laini, ama mashemeji wako mbele?'"

Mwenzangu alitaka kutabasamu, akajizuia.

"Nawaambia, mimi sipangi. Kompyuta ndiyo inapanganga. Nikisema hivyo wananicheka. Wanasema, kompyuta inaijuaje nyumba ya mke wako?"

Kulikuwa na mkutano wa wakulima Ijumaa, katika shule ya msingi karibu na kituo. Meneja alikuwa amekwisha kumwambia kwamba kama jambo hilo halitaelezwa mbele ya wakulima hao, itabidi akae kando mpaka achunguzwe. Sote tulijua maana ya kukaa kando. Hakuna aliyewahi kurudi kutoka kando.

Meneja alisikia sauti akatoka ofisini kwake. Alisikiliza akiwa amesimama, kisha akasema, kwa nia njema kabisa nadhani, "Basi kesho programu mpya inaenda. Hii ya ofisini iko sawa. Orodha itanyooka yenyewe. Shida imeisha."

Supavaiza alivua kofia akaishika magotini.

"Boss, ikinyooka hivyo tu, bila neno, watasema nimeacha kwa sababu nimeshikwa. Nitabaki mwizi aliyeacha kuiba."

Mimi niliona jambo lingine ambalo yeye hakuwa na njia ya kulijua: programu mpya ingeifuta nakala ya Musanda, na ushahidi wake ungefutika nayo. Nilimwomba meneja atupe siku hiyo moja. Alitazama saa yake, akamtazama supavaiza, akasema, "Mpaka jioni."

Mwenzangu aliweka disketi ya Musanda. Tulikuwa na programu ya kulinganisha mafaili mawili, inayochapisha kila mstari unaotofautiana. Yeye, kwa kuwa faili safi ndilo lililokuwa mbele yake, alilinganisha na hilo. Printa ikaanza. Ilikuwa moja ya zile printa zinazopiga kelele kama cherehani, na karatasi zake zilikuwa zimeunganika, na vitundu pembeni. Karatasi ilitoka, ikajikunja sakafuni, ikapanda juu ya karatasi iliyotangulia, ikafika miguuni pa supavaiza. Naye akavisogeza viatu vyake ili asiikanyage.

"Hizi zote ni makosa yangu?" aliuliza.

"Hapana, mzee," mwenzangu alisema. "Hizi ni... nafasi."

"Nafasi?"

"Mstari umesogea, basi. Maneno ni yaleyale."

Alizima printa. Kwa mashine, kila mstari uliosogezwa ulikuwa mstari tofauti, na mahali fulani katika lundo lile palikuwa na mstari mmoja au miwili iliyobadilika kweli. Mwenzangu alilitazama kwa muda, na niliona shati lake la pasi limeanza kulowa mgongoni.

Nilitoa kwenye kabati disketi ya nakala yetu ya zamani, ile chafu, ya mikono mitatu. Tulilinganisha hiyo na ya Musanda. Printa ilipiga kidogo, ikanyamaza. Tulipata nusu ukurasa.

Nusu ukurasa mtu anaweza kuushika mkononi na kuusoma. Neno moja lilikuwa limesahihishwa katika maelezo. Jina la barabara lilikuwa limebadilishwa. Na katika kipande kinachoamua shamba lipi litangulie, palikuwa na mstari mmoja ulioongezwa.

Kipande hicho kilikuwa cha mwanzilishi wetu. Kiliyachukua mashamba mawili mawili. Kwanza kiliangalia umri: miwa iliyokomaa zaidi itangulie. Kisha kikasema, kama umri ni sawa, angalia namba ya zoni, ndogo itangulie. Zoni ilikuwa njia ya kuamua sare, si zaidi ya hapo. Mstari ulioongezwa ulikuwa chini ya yale maneno ya "kama umri ni sawa", na ulisema: weka nyota kwenye mashamba haya.

"Nyota ni mimi niliiomba," supavaiza alisema upesi. "Watu walikuwa wanauliza, tuko umri sawa, kwa nini huyu ametangulia? Nikasema tuwawekee alama, waone kwamba ni sare. Nilitaka mambo yawe wazi."

"Na mimi ndiye niliyeiandika," mwenzangu alisema. "Nilipoenda kule wakati wa mvua."

Sote watatu tuliukodolea macho ule mstari. Ulikuwa umeandikwa vizuri. Ulikuwa umeingizwa ndani kwa nafasi zilezile za mwanzilishi wetu, juu ya mstari wa zoni, umekaa sambamba nao kama ndugu wawili kwenye benchi. Hata mabano mwenzangu hakuweka, kwa sababu mwanzilishi hakuweka. Hiyo ilikuwa sheria yangu, niliyoibandika ukutani siku ya kwanza mwenzangu alipofika: ukiingia faili la mtu, andika anavyoandika mwenyewe. Alikuwa ametii. Niliusoma ule mstari mara nyingi, na kila mara jicho langu liliteleza juu yake bila kukwama.

"Hauna kosa huu," nilisema hatimaye.

Mwenzangu alikuwa akiuma kucha. Kisha akasema, "Madam, nikuombe kitu. Nikiweke hiki kipande peke yake kwenye ile programu yangu. Sitahifadhi. Nataka tu kuona."

Nilisita, kisha nikasema sawa.

Akabonyeza. Kipande kikarudi kwenye skrini kimepangwa. Mstari wa nyota ulikuwa umebaki ndani, chini ya "kama umri ni sawa". Mstari wa zoni ulikuwa umetoka nje. Ulikuwa umesogea kushoto kabisa, umesimama peke yake.

"Huyo hapo," mwenzangu alisema.

Nilijua mara moja. Lugha ya C haiangalii nafasi za pembeni. Hizo ni za macho ya binadamu. Yenyewe inaangalia mabano. Pasipo mabano, neno "kama" linashika mstari mmoja tu, ule unaofuata. Zamani mstari huo ulikuwa wa zoni. Nyota ilipoingia katikati, ilichukua kile kiti kimoja, na zoni ikasukumwa nje ya sharti. Tangu siku hiyo haikungoja sare. Kila mashamba mawili yalipolinganishwa, umri uliangaliwa, kisha zoni ikaja ikafuta jibu na kuweka lake.

Tulimweleza supavaiza kwa njia hiyo ya kiti kimoja. Alisikiliza akiwa ameegemea mbele.

"Yaani zoni ya kwanza imekuwa ya kwanza kila siku?"

"Kila siku," nilisema.

"Hata miwa ikiwa kama nyasi?"

"Hata ikiwa kama nyasi."

"Kwa sababu ya nyota?"

"Kwa sababu nyota haikuwekewa mabano."

Alianza kucheka taratibu, mabega kwanza, kisha akacheka mpaka akafuta macho kwa kofia. "Subhanallah. Nilitaka watu waone haki, nikajiroga mwenyewe!"

Mwenzangu hakucheka. "Mzee, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Nilidhani nina adui. Kumbe nina mabano."

Tuliongeza mabano mawili, la kufungua na la kufunga. Tuliiendesha programu kwa mashamba ya Musanda, na orodha mpya ikatoka na zoni zimechanganyika, tano, mbili, tano, nne, moja, kila shamba kwa umri wake. Supavaiza aliisoma kwa kidole, akitaja wenye mashamba kwa sauti kana kwamba anawakaribisha nyumbani. Tulipolinganisha faili jipya na lile la asubuhi, tofauti ilikuwa mabano hayo mawili na basi. Sijui kama ninaweza kumweleza mtu asiye wa kazi hii raha ya tofauti iliyo ndogo kiasi hicho.

Meneja alipoitwa, alitazama lundo la karatasi sakafuni, akatazama nusu ukurasa mkononi mwangu. Hakuhitaji maelezo marefu.

"Ile safi," alisema, "nayo?"

Mwenzangu ndiye aliyejibu. "Boss, isiende. Tuitumie kama kioo. Mtu akishuku kipande, anakipitisha pale, anaona, anaacha. Na ukifungua kipande kukitengeneza, hapo ndipo unakiwekea mabano. Kingine usikiguse."

"Na ng'ombe warudi kwanza," nikaongeza.

"Vyombo vitoke kwanza," meneja alisema, na mara hii alicheka mwenyewe.

Ijumaa nilikwenda Musanda na mwenzangu. Darasa lilijaa, wengine wakachungulia madirishani. Supavaiza alisimama mbele, na kabla hajafungua mdomo mtu wa nyuma akaita, "Mulamwa! Leo tukae kwa zoni?" Kicheko kikazuka. Alikingoja kiishe, kisha akamwita mwenzangu kwenye ubao.

Mwenzangu hakuchora programu. Alichora benchi la mtu mmoja nje ya mlango wa chifu. Akasema, "Huyu zoni alikuwa akikaa hapa akingoja aitwe pale tu penye ubishi. Mimi nikamleta mgeni, hii nyota, nikamkalisha kwenye benchi, sikuongeza benchi la pili. Basi huyu wa kwanza akainuka akaingia ndani, akawa anaamua kila kesi. Aliyeleta mgeni ni mimi, si supavaiza." Alilisema hilo mara mbili, kwa sauti ya kufika madirishani.

Mama mmoja wa zoni ya tano, ambaye miwa yake ilikuwa imetoa maua, akauliza, "Na orodha ya sasa inasemaje?" Supavaiza akaisoma. Jina lake lilikuwa la kwanza. Mama akarudi kukaa taratibu, akaifunga upya leso yake kiunoni.

"Kumbe mashine nayo ina mashemeji!" yule wa nyuma akapiga kelele, na safari hii supavaiza alicheka pamoja nao. Hakuna aliyetaja tena habari ya kukaa kando.

Mchana tulialikwa kwake. Mkewe alileta obusuma, ugali wa kwetu, kwenye sinia na jogoo mzima kwenye mchuzi. Kaka wa mkewe alikuwapo, mwenye shamba la zoni ya kwanza, amenuna kwa utani.

"Nyinyi watu wa kompyuta mmenirudisha nyuma miezi mingapi?" alituuliza. "Shemeji yangu ameokoka, mimi ndiye nimepotea."

"Miwa yako ni michanga, mulamwa," supavaiza alimwambia. "Ngoja ikue, na wewe ukue."

Kisha akatafuta kwenye bakuli, akaitoa firigisi. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, na zamani mwanamke hakugusa hata bawa. Aliizungusha kidogo kwenye kijiko, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Leo ni ya Madam. Angekubali vyombo vifunikwe na udongo, kama mlivyonisimulia, leo ningekuwa nimekaa kando, bila hata sinia hii."

Shemeji yake alipiga kofi la mshangao. Mwenzangu alinisogelea.

"Madam, nusu ni ya kile kioo changu."

"Kioo hakina meno," nilimwambia. Lakini niliikata. Ilikuwa ngumu, kama firigisi za jogoo mzee zilivyo, na tulitafuna kwa muda mrefu.